Fundi Mheshimiwa na Kura Arobaini za Uchochoro Wetu

Waombolezaji wenzangu, majirani, waheshimiwa wa Baraza la Jimbo mliokaa huko mbele na ninyi mliosimama hadi barabarani, maana nimetupa jicho nikaona tumefika watu elfu nne, mimi ni mdogo wa marehemu, tumbo moja, na karatasi hii nimeishika kwa heshima tu, kusoma sijui, tarehe zote binti yake amenikaririsha siku tatu mpaka zikaingia, kwa hiyo nikitaja tarehe niaminini, nikitaja idadi fanyeni kama alivyokuwa akifanya marehemu mwenyewe, aliyekuwa ananiinulia kidole mbele za wageni na kuniambia, futa sifuri moja, bwana mdogo. Basi tupo mia nne.

Kaka yetu, mliyemwita Fundi Mheshimiwa, alizaliwa tarehe 12 Februari 1955, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya bati jekundu, mtoto wa kwanza kati ya watano, mimi nikiwa kitinda mimba, na mama alisema hakulia hata kidogo, alifumbua jicho moja, akaiangalia dunia, akaona bado, akaendelea na usingizi wake.

Alianza shule Januari 1962, akamaliza darasa la saba mwaka 1968, akiwa wa kwanza kati ya wanafunzi mia tatu, naona binti yake ananikazia macho, haya, wa pili kati ya thelathini. Mimi shule nilipita nje yake tu, lakini madaftari ya kaka yalibaki kwenye sanduku, nikawa nayafungua kama mtu anayefungua dirisha, na humo nilijifunza alama mbili za wino mwekundu, vema kwa jibu lililopatikana, na ile mistari miwili inayopishana, sisi tukiiita mkasi, kwa jibu lililokosewa. Zishikeni hizo alama mbili, mbele tutazihitaji.

Mwaka 1970 aliingia kujifunza ushonaji, na tarehe 3 Mei 1976 akafungua chumba chake mwenyewe kinachotazama barabara, dirisha moja, cherehani ya miguu, meza ya kukatia, kopo la vifungo, na mimi nililala humo utoto wangu wote juu ya mabaki ya vitambaa, kitambaa kikiteremka kutoka mezani kama maji yasiyolowesha, cherehani ikiongea peke yake, mpaka leo nikisikia mlio huo sijui kama niko macho. Hapo ndipo alipoingia shemeji kupimwa sketi, akapimwa kiuno mara tatu, akamuuliza, fundi, futi yako inasahau au wewe ndiye unayesahau, na tarehe 17 Septemba 1983 wakafunga ndoa, wakajaliwa binti huyu mwaka 1984 na mapacha wa kiume mwaka 1988.

Siasa haikumpata kwa kuitafuta, ilimkuta ameinama. Alijua kiuno cha kila mpiga kura, nani amekonda, nani ana mimba na hajamwambia mtu, na akiwa na pini mdomoni hasemi kitu, basi watu wakamwamini, wakamsukuma agombee Baraza la Jimbo, akapewa alama ya mkasi, akashinda tarehe 9 Oktoba 1994 na tena tarehe 10 Oktoba 1999, zote mbili tukipiga dole gumba la wino juu ya picha. Barazani alikuwa akifumba macho, magazeti yakasema amelala, lakini siku moja alisimama, akatoa futi mfukoni, akawaambia wenzake ameota mgonjwa anaelea barabarani juu ya machela, kila mlango wa zahanati ukimkataa, akaamka akaenda kupima, mlango sentimita sabini na nne, machela sabini na nane, waheshimiwa, tunawajengea wagonjwa au tunawajengea wazima, akaongea saa nne nzima, kumbukumbu za Baraza zinasema dakika ishirini na nne, na milango ikapanuliwa jimbo zima.

Sasa nafika mwaka 2004, na hapa naomba maji kidogo.

Mwaka ule alipambana na mwalimu mkuu wa shule yetu, alama yake kengele, na wasimamizi wakaachana na dole gumba, wakaleta kalamu, wakasema chora alama moja tu kwenye unayemtaka. Mimi ndiye niliyekuwa mpiga debe mkuu wa kaka, hakuna ubishi, nikasimama kwenye uchochoro wetu nikawafundisha watu kwa sauti iliyofika ng'ambo, kalamu ni mkasi, mkate Kengele, mkate yule, wakaitikia mkate, tukacheka, tukacheza, na tarehe 12 Oktoba tukaenda tukamkata, mimi wa kwanza, mkasi mmoja mkubwa juu ya kengele, nikatoka kituoni natembea kama siyagusi mawe.

Kaka alishindwa kwa kura sitini na mbili. Nikasema zimeibwa. Nilisema kwenye kinyozi, kwenye genge, kwenye misiba ya watu, nilisema mwalimu aliingiza masanduku kumi kwa mlango wa nyuma wa darasa, sanduku nimeliona kwa macho haya, nami sikuona kitu, na jina likamshika, Mwizi wa Kura, watoto aliowafundisha kusoma wakaliandika kwenye ukuta wake. Kaka hakwenda mahakamani, alimshonea mwalimu koti la kuapishiwa, watu wakasema huyu ni malaika au ni mjinga. Tarehe 11 Oktoba 2009 mwalimu akakosa kura hata za majirani zake, kaka akarudi Barazani, akahudumu hadi alipostaafu mwenyewe mwaka 2014.

Alianza kukohoa Novemba mwaka jana, mapafu, daktari akasema ni vumbi la nguo la miaka mingi, na tarehe 6 Februari mwaka huu aliniita kitandani, jua la alasiri likiwa limelala kwenye shuka, akaomba kopo la vifungo. Akaniuliza, bwana mdogo, mlikuwa wangapi uchochoroni siku ile ya kalamu, nikamwambia mia nne, akainua kidole. Arobaini, nikasema, nimewahesabu kwa vidole vya mikono na miguu mara mbili. Akapanga vifungo arobaini upande wake, akavihamisha kimoja kimoja upande wa pili, akasema kila kimoja kinanipunguzia mimi na kinamwongezea mwenzangu, mimi nilishinda kwa kumi na nane, wewe ukanishindisha mwalimu. Akaniambia kalamu haisomi hasira, ule mkasi kituoni haukati mtu, unamchagua.

Nikamuuliza amejua lini, akasema wiki ya pili tu, bibi wa nyumba ya kona alikuja kupimwa gauni, akajisifu, mwanangu, nilimkata yule Kengele msalaba mzima, nami nilikuwa na pini mdomoni. Nikamuuliza kwa nini hukuniambia, akasema, ningekuambia ungeacha kuongea, na nyumba hii ingekuwa kimya mno. Halafu akageukia dirishani, akasema, lakini zile pini sikuzitoa miaka yote hii, bwana mdogo, mwaka 2009 nilikula uongo wako nikashiba, nikifa useme wewe, kwa mdomo uleule, mbele ya mwalimu.

Alifariki tarehe 9 Juni, saa tisa mchana, katika zahanati yetu, na machela ilipita mlangoni bila kugusa, huku na huku.

Mwalimu, nakuona benchi la tatu na koti lile. Hukuiba. Hukuiba hata moja. Ulichaguliwa, na sisi ndio tuliokuchagua, na jina lile nililipika mimi kwa kuwa nilisikia aibu kabla sijajua aibu yenyewe ni ya nini, na kaka yangu anakuomba radhi, na mimi naomba nyuma yake, na ule ukuta wako nitaupaka rangi kwa mkono wangu, hata kama maandishi siwezi kuyasoma nayajua yalipo.

Tunawashukuru daktari na wauguzi waliomgeuza kitandani kama kitambaa cha thamani, majirani waliotupikia tangu Ijumaa, mafundi wenzake waliofunga vyumba vyao leo, waheshimiwa wa pande zote mbili za Baraza, na wewe mwalimu, uliyekuja.

Lala sasa, kaka, wewe uliyeupenda usingizi tangu kuzaliwa, toa pini mdomoni, pumzika kwa amani, nimesema arobaini, na safari hii hakuna sifuri ya kufuta.