Vidonge vya Mzee Haroub

Gari la Kengeja halijatoka Chake, Mzee Haroub alikuwa ameshanigawia mikarafuu yake yote, huku anaimba.

"Halali usiku huyu, ana shetani. Nampeleka kwa shehe akasomewe," mkewe, Bi Moza, alimwambia nesi aliyekaa karibu naye.

"Anakunywa dawa gani, bimkubwa?"

"Za pumu tu, za hospitali."

"Na haya yalianza baada ya dawa?"

Bi Moza aliitikia kwa kichwa.

"Basi huenda ni hizo zinazomvuruga akili. Mrudishe wampunguzie kidogo kidogo, usizikate ghafla."

"Shehe kasema kombe, maji ya aya anayompa anywe, halichanganywi na vidonge. Nimevitupa juzi. Au wewe mwanangu unawajua mashetani kuliko shehe?"

Gari liliposimama, mzee alinyamaza. Nilishukuru, mpaka nilipoona anatafuta pumzi.