Shanga Kumi na Moja za Wifi Yangu

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Nimesimama mbele yenu nikiwa na pumzi, na kwangu mimi hilo peke yake linatosha kumshukuru Mungu.

Wengi mnanijua, mke wa Shomari wa Maparoni. Mwaka ule mpunga ulipokubali, nilianza kuamka kichwa kinagonga, na mchana nasinzia. Kazi yangu ilikuwa kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga, nikikaa juu ya dungu, kile kibanda cha miti shambani. Nikisinzia, ndege wanakula. Wifi yangu Mwanahawa akanitania, "Wewe wifi, ndege ndio wanaokulinda." Nilicheka, lakini iliniuma, maana mimi si mvivu.

Kisha nikawa napaliwa na chakula, na usingizini nashtuka nikitweta. Wazee wakasema ni jinamizi. Nikavalishwa hirizi, nikafukizwa ubani, wapi! Nikawa naogopa kulala. Ndugu zangu, kuuogopa usingizi ni adhabu.

Adhuhuri moja nililala chini ya dungu. Wifi akakaa pembeni akiniombea, anavuta tasbihi. Mara akaona kifua changu kimetulia. Akavuta shanga moja, mbili, mpaka kumi na moja, ndipo nikavuta pumzi. Akatazama tena, vilevile. Akaniamsha huku analia.

"Wifi, hili si jinamizi. Hakuna anayekukaba. Unasahau kupumua."

Kesho yake tukavuka mto kwenda hospitali ya Kibiti. Wifi alimweleza daktari habari ya zile shanga, naye hakumcheka. Tukapelekwa Dar es Salaam, nikapigwa picha ya kichwa. Wakaniambia ugonjwa uko kwenye shina la ubongo, huku kisogoni, panapomwamrisha mtu apumue hata akiwa amelala. Wakasema hautaondoka wote. Nililia, siwafichi. Wakanipa mashine ya kupumulia. Kila nikilala, hata mchana, navaa barakoa yake. Inakula betri ya sola, na betri hiyo haichaji simu ya mtu. Dawa za usingizi nimekatazwa, na kliniki sikosi.

Ndugu zangu, dua na hospitali si wake wenza. Ukienda kwa mmoja, mwingine hanuni. Ukimwona wako analala hivyo, mhesabie, kisha umpeleke, na Mungu umtegemee njia nzima.

Wifi bado hukaa nami adhuhuri chini ya dungu, mashine na betri yake pembeni. Juzi niliamka nikamkuta amelala yeye, tasbihi mkononi. Nikainama nimsikilize: anakoroma vizuri tu. Nikavua barakoa, nikapanda dunguni, nikamwamia ndege wake.