Viatu Vilivyobaki Kwenye Bomba la Joto

Risala ya wafanyakazi wa Uwanja wa Barafu wa Cedar Narrows kwa Bwana Russell Tremaine, Makamu Meneja wa Timu Kuu, katika sherehe ya miaka sitini ya uwanja. Imesomwa na Bi Doreen Pelkola, mkuu wa chumba cha kufulia.

Mgeni rasmi, Bwana Tremaine. Meneja wetu wa uwanja. Kocha na wachezaji wa timu yetu ya mpira wa magongo wa barafuni, Nungunungu. Na ninyi wafanyakazi wenzetu mliokuja na ovaroli zikiwa bado zimelowa:

KARIBU

Tunakukaribisha kwa mikono miwili, na kama mikono yenyewe ni ya baridi, utusamehe, ndiyo kazi yetu. Umeendesha gari saa tano kwenye theluji kuja kula nasi samaki wa kukaanga. Wakubwa wengi hutuma salamu kwa simu. Wewe umekuja, na umeshakula vipande vinne. Aliyehesabu ni Wendell Skead, dereva wa mashine ya kulainisha barafu, na amefurahi sana kwa sababu samaki hao amewavua mwenyewe.

Tunajua pia kilichokuleta, maana hatukuzaliwa jana. Mabeki wawili wa Timu Kuu wameumia, Jumanne mna mechi, na leo utakaa jukwaani kumtazama kijana wetu Brodie. Mtazame vizuri. Ana miaka ishirini, ana mbio, na soksi zake hazijawahi kurudi kwetu zikiwa jozi.

HISTORIA

Uwanja huu ulijengwa na wafanyakazi wa kiwanda cha karatasi, siku zao za mapumziko, kwa mbao walizopewa na kwa nyingine ambazo hatutaziulizia leo. Kiwanda kimefungwa miaka kumi na minne sasa. Uwanja haukufungwa hata wiki moja.

Timu yetu ni ya kulea. Vijana huja hapa wabichi, tunawapika, na wakiiva ninyi mnawaita. Sisi ni jiko, mgeni rasmi, na chakula huliwa sebuleni. Hatuoni haya kuwa jiko.

MAFANIKIO

Katika miaka kumi na miwili iliyopita tumewapelekea vijana kumi na tisa. Wote kumi na tisa wamepita mikononi mwa mtu mmoja, naye ni Curtis Hautala, beki, jezi namba ishirini na saba, yule mrefu aliyesimama pale mlangoni akijifanya hasikii.

Curtis amecheza mechi mia nane na kumi na mbili za ngazi yetu. Amepoteza meno matano, na mawili kati ya hayo Wendell aliyapata kwenye barafu akamrudishia ndani ya kikombe cha kahawa. Amelala kwenye basi miaka mingi kuliko wengine walivyolala kwenye ndoa zao. Kila kijana anayefika hapa huketi naye kiti kimoja katika basi hilo, na akishuka huwa amejua lini aende mbele, lini abaki, na namna ya kuanguka bila kuvunjika. Tunajivuna naye, na tunalisema hili mbele yake ingawa atanuna.

Desturi ya kwenu unaijua kuliko sisi. Kijana akicheza mechi yake ya kwanza Timu Kuu, wenzake humwachia mlango atangulie, naye hukimbia barafuni akidhani wote wako nyuma yake. Wao wanabaki mlangoni wakicheka. Anazunguka uwanja mzima peke yake, watu elfu kumi na nane wakimtazama. Mara zote kumi na tisa tumeuona mzunguko huo kwenye televisheni ya chumba cha kufulia, tumebanana kati ya makapu. Curtis husimama nyuma kabisa, karibu na mashine za kukaushia. Hutazama miguu ya kijana tu, kisha husema, "Kamba kafunga vizuri."

Mwaka juzi msomaji wa risala hii alimuuliza, "Na wewe je, Curtis?"

Akajibu, "Mama Doreen, nguo zako zinaungua."

Hazikuwa zinaungua.

CHANGAMOTO

Mtambo wa maji ya moto una umri wa Curtis na magoti yake pia. Paa linavuja juu ya benchi la timu pinzani, ingawa kwa hilo hatulii sana.

Changamoto ya tatu ni yetu wenyewe. Tumekaa vikao vitatu kuijadili, na aliyesisitiza isomwe kwa jina lake ni Armand Thibeault, mtunza vifaa, huyu hapa kushoto kwangu, aliyevaa tai kwa mara ya kwanza tangu amzike mkewe.

Miaka tisa iliyopita, saa tatu asubuhi, simu ilipigwa kutoka ofisi yenu. Curtis aliitwa. Mechi ilikuwa jioni ya siku hiyohiyo, njia ni saa tano, na theluji ilikuwa inaanguka. Hapa kwetu, mtu akiitwa, begi lake husimamishwa kwenye mlango wa nyuma, na kila mfanyakazi huligonga mara mbili kwa gongo la kuchezea kabla halijapakiwa. Tuligonga sote siku ile, tukashangilia, gari likaondoka.

Viatu vyake vya barafu, vile vyenye vyuma vya kutelezea chini ya soli, havikuwamo. Armand alikuwa amevinoa alfajiri, akavitundika kwenye bomba la joto vikauke, na vikabaki pale. Sote tuligonga begi, wala hapana aliyelifungua.

Kiatu cha barafu hakiazimiki, huchukua umbo la mguu wa mwenyewe. Alijaribu vya mwingine wakati wa kupasha misuli, akateleza kama ndama, na kocha wenu akamweka mwingine. Alipoulizwa viatu viko wapi, alijibu kwamba amevisahau yeye.

Armand wakati ule alikuwa na onyo la mwisho la kazi. Mkewe alikuwa mgonjwa na asubuhi nyingi alichelewa. Curtis aliporudi, Armand alimfuata akitaka kuandika barua ya kukiri. Tuliokuwapo tulisikia alivyojibiwa: "Mzee, wewe una mgonjwa nyumbani. Mimi nina miguu tu. Acha, wataniita tena."

Hamkumwita tena. Tumeambiwa kwamba katika faili lake kuna neno "mzembe". Mgeni rasmi, huyu ni mtu anayekunja taulo kabla ya kutupa kwenye kapu la nguo chafu. Tumelibeba neno hilo miaka tisa, nalo ni letu. Tunaona aibu, na tunalisema leo kwa sababu Aprili Curtis anastaafu.

MAOMBI

Kwanza, tunaomba mtambo mpya wa maji ya moto.

Pili, tunaomba neno lile lifutwe, na kama lazima pawe na neno, liandikwe jina la Armand Thibeault na chini yake majina yetu sote kumi na mmoja. Armand amekwisha kutia saini. Amesema kazi akinyang'anywa, atakwenda kuvua na Wendell.

Tatu hatuna. Curtis alisikia fununu za risala hii jana, akaja chumba cha kufulia akafunga mlango. "Mama Doreen, muombe maji ya moto," akasema. "Mimi msiniombee mechi. Nafasi ni ya Brodie." Tumemheshimu miaka kumi na miwili, hatutaanza kumkaidi leo. Kwa hiyo hatumwombei mechi.

Tunachofanya ni kukufahamisha tu, kama mwenyeji anavyomfahamisha mgeni. Gari lako limeegeshwa mlango wa nyuma. Hapo mlangoni, ukitoka, utakuta mabegi mawili. Moja ni la Brodie, ana haki yake. La pili ni la namba ishirini na saba. Mwenyewe hajui kama lipo pale, na kwa sura aliyonayo sasa hivi, ndiyo kwanza anajua. Tumekwisha kuligonga. Safari hii tulilifungua kwanza, watu kumi na mmoja, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja ametia mkono ndani.

Viatu vimo.

Mungu akulinde njiani, aitengeneze barabara mbele yako, na awaponye mabeki wenu, ila asiharakishe kabla ya Jumanne.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Uwanja wa Barafu wa Cedar Narrows