Simu Nilizomwandikia Angetile

Ndugu zetu wa Ngonga, jamaa wa mama mliovuka mto Songwe kutoka Karonga, nanyi wageni wa Dar es Salaam, mimi ni Eliya, karani wa mahakama, kaka mkubwa wa marehemu, nami nitasoma hadi mwisho hata nikikwama njiani.

Angetile Lazaro Mwampeta alizaliwa hapa Ngonga tarehe 14 Aprili 1971, mtoto wa kike pekee wa Mzee Lazaro, aliyekaa pale mbele, na wa marehemu mama yetu Tusekile, mzaliwa wa Karonga. Alisoma shule ya msingi hapa hapa, 1978 hadi 1984, sekondari huko Iringa hadi 1991, akapitia Jeshi la Kujenga Taifa, akafundisha mwaka mmoja Ipinda, na Oktoba 1993 akaingia chuo kikuu, msichana wa kwanza wa ukoo huu, ingawa wapo waliomwambia baba usoni kwamba anasomesha mke wa mtu. Huko wenzake walimwita Mmalawi kwa matamshi yake, na sisi huku, akija likizo, tulimwita mzungu, maskini, akawa mgeni kotekote.

Sasa nafika mahali pangu. Februari 1994 shangazi yetu alifariki, na kwetu binti asiyefika msibani husemwa miaka, lakini chuo kilitoa ruhusa kwa msiba wa mzazi tu, basi nikaenda posta Kyela nikaandika simu ya maandishi kwamba mama amefariki. Angetile alishuka kwenye basi analia, akamkuta mama anapika wali wa msiba. Siku ya kuondoka aliniuliza, "Kaka, siku mama akifa kweli utaandika nini?"

Tarehe 2 Juni 1995 mama alifariki kweli, nikaandika maneno yaleyale, na mshauri wa wanafunzi akafungua jalada akamwonyesha kwamba mama yake alishakufa mwaka uliopita. Alikuja bila ruhusa, akamzika mama, akakosa mitihani, akarudia mwaka wa pili.

Hakuolewa wala hakujaliwa mtoto, posa ilikuja mwaka jana kutoka Ikolo, akaomba wasubiri amalize shahada.

Malaria ilimshika wiki ya mitihani ya mwisho. Raudha, aliyeishi naye chumba kimoja chuoni, ambaye tunaye hapa, alimsihi aombe kuahirisha, akakataa, akisema ofisi ile haitamwamini tena, akameza vidonge, akaenda kuandika huku anatetemeka, akamaliza karatasi ya mwisho Ijumaa tarehe 27 Juni 1997, akapelekwa hospitali hajitambui, akafariki Jumapili saa nne asubuhi.

Simu ya Raudha, kwamba Angetile amefariki, ilinifikia Jumatatu, nikaisoma, nikacheka, nikaitia mfukoni, nikidhani mdogo wangu ananitafutia ruhusa kwa hakimu niende kumpongeza, nami nikaendelea na kazi hadi ilipofika ya pili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, wanachuo waliomsindikiza hadi hapa, majirani mliochimba kaburi na kina mama mliotwanga mpunga tangu juzi, ndaga fijo. Matokeo yakitoka, Raudha ameahidi kumletea baba.

Angetile, pumzika kwa amani, mdogo wangu. Simu hii ilikuwa ya kweli, na mimi sikuiamini.