Mwalimu Aliyeligeuzia Jua Mgongo

Ndugu waombolezaji, majirani, walimu, nanyi nyote mliopita mikononi mwake mkiwa watoto, familia imemtuma mdogo wake wa mwisho, fundi cherehani, awasomee maisha ya marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu Sayari, naye anaomba mumvumilie sauti ikikwama, maana tangu Jumanne hakuna aliyelala usingizi wa maana katika nyumba ile.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa kifungua mimba wa baba mchomeleaji vyuma na mama wa nyumbani, na ni kupitia kioo cheusi cha baba cha kuchomelea ndipo alipolitazama jua kwa mara ya kwanza, kabla hata hajaanza shule, akakuta ni kiduara kidogo tu, na kuanzia hapo akawa na maswali yasiyokwisha, hata mama akawa anamtuma dukani kununua chumvi asiyoihitaji, ili apate kupumua kidogo.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu kuanzia mwaka 1959, akaendelea na sekondari, kisha akahitimu chuo cha ualimu mwezi Novemba 1972, na Januari iliyofuata akaripoti katika shule ile ile aliyosomea, akapewa somo la sayansi kwa kuwa wenzake wote walikuwa wameshalikimbia, naye hakuhama hapo hadi alipostaafu mwaka 2011.

Vifaa havikuwepo, na watoto walijaa darasani hadi mlangoni, kwa hiyo aliwatoa uwanjani akawafanya wao wenyewe ndio sayari, Zuhura na Mirihi wakizunguka karibu, Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote, akipewa mtoto mnene ambaye siku hiyo hakuchekwa na mtu, na kazi ya kuwa Jua akimpa mtundu kuliko wote, kwa sababu Jua hukaa katikati na haliruhusiwi kwenda popote. Miaka ya mwisho, miguu ilipoanza kumchosha, alibeba kiti akakaa yeye mwenyewe pale katikati, akisema sasa ametosha kuwa Jua.

Lipo jambo moja la mwaka 1984 ambalo mhusika ametupa ruhusa tuliseme, naye amekaa pale mstari wa pili, muuza viatu, mama wa watoto wanne. Uwanja haukutosha, hivyo Mwalimu alimtoa binti huyo nje ya uzio azunguke shule nzima, akiwa Neptuni, sayari ya mbali kabisa, akamwambia asisimame hata kidogo kwa sababu sayari hazisimami, kisha kengele ikalia, watoto wakatawanyika, Mwalimu akaenda zake nyumbani, akamsahau. Mama wa mtoto alipokuja kuuliza, giza likiingia, walimkuta bado anazunguka, viatu mkononi, analia na kutembea, akingoja kuambiwa basi. Mwalimu alimbeba mgongoni hadi kwao na kuomba radhi mbele ya ukoo mzima, na tangu siku hiyo hakuwahi tena kuwapa watoto kisogo.

Tarehe 8 Desemba 1979 alikuwa amefunga ndoa na karani wa posta, shemeji yetu, mnayemwona hapa mbele, na kwa kuwa fungate hakuwa na uwezo nayo, alimwahidi kwamba wakiwa watu wazima jua lingepatwa lote juu ya mji huu, na wangelitazama pamoja, bega kwa bega, kwa kioo cha baba. Shemeji aliwaambia shoga zake kwamba ameolewa na mtu anayehonga kwa vitu vya mbinguni, lakini alingoja, akamzalia watoto watatu, muuguzi, dereva na fundi mwashi, na kile kioo akakitunza kabatini pamoja na vikombe vya wageni.

Siku ilipofika, zaidi ya miaka ishirini baadaye, mwalimu mkuu aliagiza watoto wafungiwe madarasani na madirisha yafungwe, wasije wakaharibu macho, na marehemu akambembeleza hadi akakubali watoke, kwa sharti kwamba yeye ndiye angewajibika kwa kila jicho. Akawapanga uwanjani, akasimama mbele yao, jua likiwa nyuma yake, akiwaonyesha lilivyomegeka kwa vipande vya mwanga vilivyopenya matundu ya chekecheke aliloinua na kuanguka kwenye mashati yao meupe, na giza lilipotimia, dakika chache ambazo jua haliumizi macho, akawaruhusu wainue nyuso, yeye akabaki kuzitazama nyuso hizo na saa yake, tayari kupiga kelele mwanga ukirudi. Alipoulizwa baadaye kwa nini hakugeuka japo mara moja, alijibu kwamba mara moja ndiyo iliyompotezea Neptuni.

Nyumbani shemeji alitazama peke yake, akanuna wiki nzima, na haki alikuwa nayo. Ila alipolegea akaanza kumsimulia alichokiona, na marehemu hakuchoka kuuliza, kila mwaka, kila walipokaa barazani.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2019, miguu ikavimba, akalazwa mara kwa mara katika wodi ya wanaume ya hospitali kuu. Jumatatu jioni aliomba asimuliwe tena, lakini shemeji alikuwa ameshinda kwenye benchi tangu asubuhi, hoi, akamwambia kesho, naye akacheka akasema sawa, kesho. Jumanne alifariki kabla ya saa ya kuona wagonjwa, na jambo hilo linamuuma shemeji kuliko yote.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ile, walimu wenzake, majirani mliopika na kukesha, na mchimba kaburi aliyekataa malipo kwa sababu aliwahi kuwa Mirihi.

Shemeji ameomba tusifunge karatasi hii kabla ya kumtimizia ile kesho, nasi tunamsomea marehemu kama shemeji mwenyewe alivyotutajia: kwamba kuku walirudi bandani mchana, kwamba upepo ulikuwa wa baridi akajifunga kanga ya pili, kwamba jua lilikuwa duara jeusi lenye nywele nyeupe pande zote, kwamba Zuhura ilitokea upande wa tangi la maji, iking'aa, na kwamba alinyoosha mkono pembeni kukushika, akasahau kuwa hupo.

Watoto wote wamefika nyumbani, Mwalimu, hakuna aliyebaki nje ya uzio. Geuka sasa utazame, upumzike kwa amani.