Bi Roho Juu na Mlango Uliokwenda kwa Fundi

Leo Ijumaa, tarehe thelathini, Katibu wa Vikao wa Halmashauri yetu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Jina lake la kwenye vyeti hakuna anayelikumbuka. Kuanzia mlinzi wa getini hadi Mwenyekiti, sote tunamwita Bi Roho Juu, na mwenyewe huitika.

Jina hilo alilipata wiki yake ya kwanza, alipoajiriwa kama mpiga chapa. Simu ililia, akaruka mpaka kiti kikaanguka. Anaogopa radi, lifti, mbwa na bahasha za kaki. Mimi ninayeandika haya nimekaa naye meza moja kwa muda mrefu, na sijamwona mtu mwoga kama yeye. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, na kweli ofisini kwetu kicheko hakikukauka.

Kilichomtisha kuliko radi ni madiwani wanne. Kamati ya Ardhi ina wajumbe saba, na wanne ndiyo akidi. Sheria ya vikao vya wazi inasema wanne wakikutana na kuzungumzia mambo ya Halmashauri, hicho tayari ni kikao: kitangazwe siku tatu kamili kabla, mlango uwe wazi, na mwananchi yeyote aruhusiwe kuketi na kusikiliza. Kwa hiyo kila chai ya asubuhi pale kantini, diwani wa nne alipovuta kiti kwenye meza ya wenzake watatu, Bi Roho Juu alisimama, kikombe kikigongagonga kisahani. "Samahani mheshimiwa, wewe ni wa nne." Walicheka, lakini wa nne alihamia barazani na chai yake. Mumewe, ambaye ni fundi seremala, anasimulia kwamba hata kwenye harusi ya binti yao mkewe hakuonja chakula mpaka alipomtoa diwani mmoja kwenye meza ya wenzake na kumketisha kwa mashangazi. Diwani huyo anasema hajawahi kula vizuri kama siku ile.

Sasa niseme na lile lisilochekesha. Siku moja, mchana kweupe, Kamati ilijifungia chumbani bila tangazo lolote, ili iugawe uwanja wa zahanati kwa mfanyabiashara aliyetaka kujenga ghala. Bi Roho Juu alibisha hodi, hakufunguliwa. Akavuta stuli, akaketi kwenye korido, na kila aliyepita akamwambia, "Karibu, humu kuna kikao, ila mlango umefungwa." Zahanati iko ng'ambo ya barabara, na habari haikukawia kufika. Waheshimiwa walipofungua walikuta korido imejaa akina mama na watoto mgongoni. Wakarudi ndani, wakaanza upya mlango ukiwa wazi. Uwanja upo mpaka leo.

Wiki hiyohiyo mtu asiyejulikana alimpigia simu fundi, akamuuliza mkewe hutoka kazini saa ngapi. Akakata. Kuanzia hapo nilikuwa nikimsindikiza Bi Roho Juu hadi kituo cha basi kila jioni, na sijui kati yetu nani alitetemeka zaidi. Kila gari lililopunguza mwendo lilitusimamisha. Nilimsihi aachane na mambo ya wakubwa. Akanijibu, "Mwanangu, mimi ni mwoga, na mwoga hapendi kubaki chumbani peke yake na wakubwa. Ndiyo maana nataka mlango wazi."

Haukupita muda, mlango wa chumba kile ukaanza kukwaruza sakafu. Bi Roho Juu aliomba utengenezwe, ukang'olewa, ukapelekwa karakana ya karibu, ambayo kwa bahati ni ya mumewe. Kila alipoulizwa, alijibu kuwa fundi bado anaupiga randa. Ni miaka tisa sasa. Kwa randa hiyo, nadhani umebaki mwembamba kama karatasi. Vikao vyote tangu wakati huo tumevifanya kwenye chumba kisicho na mlango, upepo ukipeperusha makabrasha na watu wakiingia wapendavyo.

Jumatatu ya wiki hii tumewekewa mlango mpya. Ni wa mbao nzito, na komeo lake liko upande wa ndani. Mwenyekiti amesema ni heshima kwa mstaafu. Ufunguo amenikabidhi mimi, kwa kuwa ndimi ninayerithi kiti. Akaongeza, kwa upole kabisa, kwamba Jumanne Kamati itakaa kuhusu eneo la soko, na hakuna haja ya kuwasumbua watu kwa matangazo. Halafu akaniuliza wanangu wanasoma shule gani. Tangu hapo usingizi umenipaa, na nyumbani simu ikilia naruka kama nilivyokuwa nikimcheka mwenzangu.

Mwenyekiti aliniagiza pia niandike ukurasa huu, na uwe wa kuchekesha. Nimejitahidi. Nakala iko juu ya kila kiti ukumbini hapa tunapomuaga, na wenye vibanda vya sokoni wamo humu kwa sababu Bi Roho Juu aliwaalika mwenyewe. Basi, leo ikiwa ndiyo siku ya mwisho inayokubalika kisheria, natangaza: Kamati ya Ardhi itakutana Jumanne, saa nne asubuhi, katika chumba cha kamati. Ajenda ni eneo la soko. Wananchi wote mnakaribishwa. Mheshimiwa Mwenyekiti, najua uko safu ya mbele na umeshafika kwenye mstari huu. Mimi nimesimama huku nyuma, ufunguo ukiwa mkononi.

Bi Roho Juu, ahsante kwa kutufundisha kwamba mtu anaweza kuogopa na bado akavuta stuli. Tunakutakia mapumziko mema, afya tele, na mitaa isiyo na mbwa. Ila Jumanne usipumzike. Kuanzia kesho wewe ni mwananchi wa kawaida, benchi la wananchi ni lako, na mimi nitahitaji sura moja ya kuitazama. Uje na fundi, tafadhali, na bisibisi yake. Mlango mpya nao unakwaruza sakafu.