Blasio na Lango Lililofungwa Mara Moja

Tarehe 30 Aprili mwaka huu, Mzee Blasio Thembo anakabidhi ufunguo wa lango la maji baada ya miaka thelathini na mitano ya kulifungua na kulifunga. Kulifunga zaidi. Mimi ni Kabugho, msaidizi wake kwa miaka kumi na miwili. Kamati ya ushirika wetu wa mfereji imeniomba niandike wasifu huu kwa sababu, walisema, hakuna aliyemvumilia zaidi yangu. Sikatai.

Alitoka Bwera akiwa kijana wa miaka ishirini na mitano, akaajiriwa hapa Mubuku kuzoa matope mferejini. Baada ya miaka minne akapewa lango. Kwa wasiolijua, ni bamba la chuma linaloteremshwa kwa gurudumu lenye kufuli, mizunguko arobaini kamili. Mto ukifurika huku lango liko wazi, maji yanaingia mashambani na mpunga wa familia sitini unakwenda.

Hilo lilimkosesha raha. Akishafunga, alikuwa analifungua tena kidogo, kisha analifunga, asikie chuma kikigonga sakafu. Mwaka wangu wa pili kazini, siku ya mafuriko, katika huko kuhakikisha gogo likapita chini ya bamba na kukwama. Lango likakataa kushuka, na shamba la mjane Amoding likasombwa lote. Blasio alilia mbele yetu. Msimu mzima, kila alipotoka kazini, alikwenda kulilima upya lile shamba kwa jembe lake mwenyewe.

Mtu mwingine angeacha kuhakikisha. Yeye akazidisha! Siku ya harusi ya bintiye aliinuka katikati ya hotuba, akapanda baiskeli kwenda langoni. Kwenye picha ya familia kuna kiti chenye kofia tu.

Sasa, ofisini kwetu tuna desturi: Jumatano ya Majivu kila mmoja anataja atakachoacha Kwaresima. Mimi huacha sukari, Ocen mlinzi huacha pombe, angalau wiki ya kwanza. Blasio miaka yote aliacha nyama, ambayo daktari alikwisha kumkataza. Mwaka huu akasema ataacha wasiwasi. Atafunga lango mara moja, amwachie Mungu. Na kila Ijumaa atakwenda Njia ya Msalaba kwao Bwera, ufunguo abaki nao Kabugho. Tulicheka. Mimi nilicheka kwa woga, maana huo ufunguo sikuwahi kuachiwa siku nzima.

Ijumaa ya tano, saa tisa alasiri, ndugu yake Blasio aliye Bwesumbu, juu milimani mto unakotoka, alinipigia kwamba mto umekuwa mweusi na unashuka na miti. Kisha akampigia na Blasio. Nilikimbia, nikapanda ubao ulio juu ya mfereji, nikaanza kuzungusha. Mvua ilinipiga usoni, ubao ulitetemeka, na kwa mbali nilisikia mawe yakigongana mtoni. Niliogopa sana. Mzunguko wa kumi. Wa ishirini. Nilijua simu ingelia mfukoni. Sikuwahi kufunga lango bila mzee huyu kunipigia. Na nilijua nitaipokea, kwa sababu nimezoea kumtii. Ningeachia gurudumu kwa mkono mmoja, juu ya ubao ule.

Simu haikulia.

Mambo ya Bwera nilisimuliwa na mkewe, Biira, anayeuza nguo soko la mpakani la Mpondwe. Blasio alitoka nje ya kanisa, simu mkononi, jina langu likiwa tayari kwenye kioo. Gari la kumfikisha Mubuku kwa wakati halikuwepo. Biira alimfuata akamwambia kwa Kiswahili chake cha mpakani: “Wacha simu. Mikono ya ule mutoto iko na kazi. Mungu iko kule pia.” Blasio akampa simu, akarudi ndani, akapiga magoti katikati ya kituo cha tisa. Biira anasema hakuinuka mpaka kituo cha mwisho.

Mzunguko wa arobaini, chuma kikagonga. Nakiri hapa mbele ya kamati: mikono yangu ilitaka kulifungua tena kidogo, nihakikishe. Ndivyo nilivyofundishwa. Nikajilazimisha kushuka kwenye ubao. Sikuwa nimefika ukingoni vizuri pale gogo la kwanza lilipopiga lile bamba, kisha la pili, na maji yakaruka juu ya ule ubao nilipokuwa nimesimama. Lango halikusogea. Mpunga wote ulibaki, na wa mama Amoding ulivunwa wiki iliyopita.

Nilimpigia mimi, baada ya saa nzima. Nilijiandaa kwa maswali ya lango: umesikia chuma kikigonga, umehesabu, umerudia? Akauliza moja tu: “Wewe uko salama?” Nilipojibu ndiyo, nikamsikia analia. Habari ya lango hakuiuliza mpaka Jumatatu.

Mzee wangu, ushirika unakushukuru, na mimi nakushukuru kwa simu ambayo hukunipigia. Nenda Bwera ukapumzike na Biira, na Mungu akujalie maisha mema na marefu. Mvua ikinyesha Bwesumbu, wewe lala. Nitakuwa nimelifunga, mara moja.